Kwenda Chekereni na Mjusi wa Mwalimu

Wenzangu wa kwaya, Jumapili mliniona nimekaa wakati nyinyi mmesimama kuimba, na baada ya misa mkanizunguka kuniuliza nimepatwa na nini. Nikawajibu ni safari tu, nikaondoka. Sikuwa na nguvu ya kusimulia nikiwa wima. Sasa nimekaa, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, na nawaandikia yote kwa mpigo ili nisije nikayarudia kwa kila mmoja.

Kihambani

Baba mkwe wangu mnamfahamu, Mwalimu Proches. Wengine wenu aliwafundisha baiolojia, na wengine aliwachapa. Ana miaka themanini na moja. Jicho la kushoto halioni tena, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Tangu mume wangu afariki tunakaa wawili, mimi na yeye, kwenye kihamba cha ukoo, katikati ya migomba na mibuni iliyozeeka kama yeye.

Mlikuwa mnashangaa kwa nini tangu mwaka jana hatoki kwenda kukomunika. Mlidhani ni miguu. Sababu yenyewe ni hii.

Siku moja nikiwa napalilia, jembe lilifukua kitu cheusi kinachong'aa, kirefu kama kalamu mbili zilizoungwa. Nikainua jembe nikimwita Baba kwamba kuna nyoka. Akaja haraka kuliko nilivyomwona akitembea miaka mingi, akanikataza kupiga, akamwokota yule kiumbe na kumleta karibu na jicho lake zima. Yule kiumbe akafumba jicho. Akafumbua, akafumba tena. Baba akamgeuza tumbo. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba, kwamba nyoka hana kope, hawezi kufumba jicho hata akifa. Tena magamba ya tumbo la nyoka ni mapana, na ya huyu yalikuwa madogo sawa na ya mgongoni. Mara yule kiumbe akajinyonganyonga, akaacha kipande cha mkia kwenye kiganja cha Baba, akazama udongoni. Baba akakaa chini pale pale kwenye matope.

Jioni alinionyesha chupa pana ya kioo aliyokuwa ameificha kabatini tangu astaafu. Ndani yake, kwenye spiriti, alikuwemo mwenzake wa aina ile ile, na karatasi iliyobandikwa imeandikwa kwa mwandiko wake: Nyoka. Alinieleza kwamba karibu miaka arobaini iliyopita msichana wa kidato cha pili, Felista, alimleta kiumbe huyo darasani akiwa hai ndani ya kopo. Mwalimu akatangaza kuwa ni nyoka. Felista akasema ni mjusi, kwa sababu alimwona akifumba jicho. Darasa likacheka. Mwalimu akamwamuru aseme ni nyoka, akakataa. Akamtuma nyumbani kumleta mzazi. Mama yake akaja, akapiga magoti ofisini kumwombea mtoto msamaha. Mwalimu akasema atasamehewa akishatamka neno moja tu mbele ya wenzake. Felista hakulitamka. Akawekwa nje ya kipindi muhula mzima, na muhula uliofuata hakurudi shuleni.

"Nilimpanga yule mnyama kwa kitu alichokosa," Baba aliniambia. "Sikuangalia alichonacho."

Alipomweleza padri, padri alimwambia amtafute mwanamke huyo. Akakaa mwaka mzima akiulizia. Juma lililopita karani mstaafu wa shule akamwambia kuwa Felista aliolewa Shirimatunda. Nilimwambia Baba tupige simu. Akasema kosa hakulifanya kwa simu.

Kushuka na ndizi

Jumanne tuliondoka saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na njia ya kwetu mnaijua ilivyo ikilowa. Mtu wa pikipiki alikuja, Baba akakataa kupanda akiwa ameshika chupa, na akakataa pia mimi nimshikie. Tukashuka kwa miguu hadi kwenye lami, yeye na fimbo mkono mmoja, chupa imefungwa kwenye kitenge changu mkono wa pili, mimi nyuma yake na mfuko wa nguo, nikimshika mkanda wa suruali kila alipoteleza. Mwendo wa nusu saa ulituchukua saa mbili. Goti langu liliharibikia hapo.

Kirikuu iliyobeba mikungu ya ndizi ikatuchukua. Baba alikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma juu ya mikungu pamoja na mama wawili wanaopeleka sokoni. Tulipofika kwenye kona ya pili gari likazama matopeni, tukashuka wote tukasubiri trekta. Hapo ndipo kitenge kilipofunguka na wale mama wakaiona chupa.

Mmoja wao akamwamkia Baba shikamoo kwa adabu mpya kabisa, akamsogelea, akaanza kumweleza maumivu ya mgongo wake, yanavyoanzia kiunoni na kushukia mguuni. Baba hakuelewa kwamba anachukuliwa kuwa mganga. Kwa kuwa husikia vizuri neno mgongo kuliko maneno mengine, alimjibu kwamba mgongo ndiyo neema kubwa ya wanyama wa kundi letu. Akamweleza kwamba wanyama wote duniani wanaweza kugawanywa mafungu mawili, wenye uti wa mgongo na wasio nao. Funza, jongoo, konokono, nyuki na kaa wako upande mmoja. Sisi na samaki, vyura, nyoka, ndege na ng'ombe tuko upande wa pili. Yule mama alisikiliza kwa makini sana, kisha akauliza dawa yenyewe inachemshwa au inapakwa.

Ilibidi niingilie. Alipojua kwamba ndani ni mjusi wa shule tu, alinikasirikia mimi wala si Baba, akakaa upande wa pili wa mikungu hadi mjini.

Trekta ilikuja saa sita. Tulikula mjini kwenye mgahawa karibu na stendi, mtori mzito wenye mfupa. Mwenye mgahawa, mama mmoja wa Kiislamu mwenye upole, alituomba tuiweke chupa chini ya meza kwa sababu wateja walikuwa wameacha kula. Baba aliishika kati ya nyayo zake muda wote. Hakumaliza hata nusu bakuli. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema anapanga maneno.

Felista wa Shirimatunda

Tulifika Shirimatunda alasiri. Tuliuliza nyumba tatu, ya nne wakatuelekeza kwa mama mmoja aitwaye Felista, mwenye banda la kuku. Tulimkuta uani anachagua maharage kwenye ungo. Alinyanyuka, akamwamkia Baba, akaleta viti. Baba akakataa kukaa. Akasimama katikati ya ua na fimbo yake, akaanza.

Alisema jina lake. Alisema alimkosea mbele ya watoto arobaini. Alisema mwanafunzi alitumia macho yake kama sayansi inavyotaka, na mwalimu akatumia cheo. Alisema mambo mengine ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema katika miaka yangu thelathini ya kuwa mkwe wake. Yule mwanamke aliweka ungo chini. Machozi yakaanza kumtoka.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Hakuwa na zaidi ya miaka arobaini, na Felista wetu alipaswa kuwa amepita hamsini. Lakini mkwe hamkatizi baba mkwe akiwa anazungumza jambo kama lile, na jicho lake lisingeweza kumwambia alichokosea. Nikasubiri, nimeinamisha kichwa.

Alipomaliza, yule mwanamke alijifuta uso kwa khanga.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilisoma Singida. Sijawahi kukaa darasani kwako."

 Nikamwona Baba akitafuta kiti kwa mkono, nikamsogezea.

"Lakini na mimi kuna mwalimu alinifukuza kwa kosa la mwenzangu," akaendelea. "Ulivyoanza kusema, nilidhani yeye ndiye aliyekutuma."

 Aliingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka ameosha uso na kutuambia kwamba hatuondoki, tutalala kwake. Alitupikia ugali na mlenda, kama kwao. Ninyi mnajua Baba anavyouchukia mlenda. Mama mkwe marehemu hakuwahi kuuweka mezani. Siku ile aliumaliza wote, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho.

Mume wake alirudi jioni. Ananunua mpunga kutoka kwa wakulima wa Chekereni na kuupeleka mashineni. Baada ya kusikia habari yetu alifikiri, akasema anamfahamu mkulima mmoja anayeitwa Felista, mtu wa Kibosho, huko kwetu mlimani, anakaa na mama yake mzee ambaye hata Kiswahili hasemi. Baba akaomba tuondoke saa ile ile. Sote watatu tulimkatalia.

Mferejini, Mabogini

Asubuhi tulipanda bajaji. Tulipoipita Mabogini barabara ilikuwa chini ya maji, mtu alikuwa amefungulia mfereji vibaya na njia imekuwa jaruba la mpunga. Dereva alijaribu, akakwama, akatuomba radhi, tukashuka. Kutoka hapo tukafuata tuta la mfereji kwa miguu. Kule kwetu juu jua ni la kuotea. Kule chini ni la kukuadhibu. Viatu vya Baba viliingia tope, nikavivua, nikavibeba, akatembea peku. Mimi goti lilikuwa limevimba kama kitunguu. Kwa mara ya kwanza nilimlaumu moyoni kwa maneno makali, na nawaambia kwa kuwa nimeshaungama.

Kwenye lango la maji kulikuwa na mtu wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira, mgawa maji wa eneo lile. Aliiona chupa, akatuzuia. Alisema siku chache nyuma watu wasiojulikana walimimina sumu mferejini ili waokote samaki, na sasa yupo mzee na mama, wageni, wana chupa ya dawa, wanatembea kandokando ya maji. Nilimweleza. Nikamweleza tena. Akasema hana ugomvi nasi ila hatutapita mpaka mwenyekiti wake aje. Alipompigia, mwenyekiti akasema yuko mjini.

Tulikaa juani karibu saa mbili. Mgawa maji hakuwa mtu mbaya. Alitupa maji ya kunywa na kipande cha muhogo wa kuchoma, ila hakuondoa macho kwenye chupa. Mwishowe udadisi ukamshinda, akauliza kilichomo. Baba akamwambia ni mjusi.

"Kama ni mjusi, miguu iko wapi?"

Nilidhani Baba atakasirika. Badala yake alivuta pumzi, akamwambia hilo ndilo swali lililomleta kutoka mlimani. Akamuuliza yeye anaona wanyama gani pale anapofanyia kazi. Yule bwana akataja perege na kambale wa mferejini, vyura, kenge, yangeyange na panya wanaokula mpunga. Baba akamwambia ameshataja makundi yote matano ya wenye uti wa mgongo, na kila moja lina alama yake. Samaki kwa mashavu yake anayopumulia. Chura kwa ngozi laini, na utoto anaoutumia majini. Reptilia kama kenge kwa magamba makavu. Ndege kwa manyoya. Panya kwa vinyweleo na kwa maziwa anayowanyonyesha watoto, na kwa sababu hiyo hiyo popo ni ndugu wa panya ingawa anaruka. Ndani ya kundi, akasema, kuna kugawa kwingine, na hapo ndipo mtu mvivu anapokosea, kwa kuwa anaangalia umbo tu. Akamwonyesha kwa ukucha kope ya yule mjusi kupitia kioo.

Mgawa maji alipiga magoti ili aone. Akatazama muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye huua wa namna hiyo kila msimu wa kutifua. Akasimama, akafungua kifuniko cha chupa, akanusa spiriti, akakohoa, akatuachia tupite. Hakumsubiri mwenyekiti. Alimshika Baba mkono kumvusha juu ya ubao wa lango.

Chekereni

Tulimkuta Felista saa nane mchana, anageuza mpunga uliotandazwa kwenye turubai mbele ya nyumba. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mvi zilizoanzia mbele. Safari hii nilihakikisha kabla Baba hajafungua mdomo: nikamuuliza shule, nikamuuliza mwaka, nikamuuliza kama aliwahi kufundishwa na Mwalimu Proches. Aliposikia jina akaegemea reki yake. Akamtazama mzee aliyesimama peku nyuma yangu, chupa mkononi, amejaa tope hadi magotini.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Baba aliitikia marahaba kwa shida. Maneno aliyoyapanga yalikuwa yamekwisha Shirimatunda. Alisema machache tu.

"Alikuwa mjusi, Felista. Nimemwona akifumba jicho. Ulisema kweli, mimi nikakutoa darasani. Nimekuja kuomba msamaha."

Kuku walikuwa wakidonoa ukingoni mwa turubai, na Felista hakuwafukuza.

"Mimi nilijua kuwa ni mjusi," akasema. "Sikuwahi kuwa na shaka, kwa hiyo hilo halikunisumbua. Shule iliniuma, ikapoa. Nimelima, nimesomesha wanangu." Akageuka kutazama mlango. "Lakini mama hajui. Mpaka leo nikimuudhi ananiambia, wewe ndiye yule uliyeniaibisha kwa kumwita nyoka mjusi. Yumo ndani. Kamwambie yeye."

Chupa tuliiacha kizingitini, tukaingia. Chumba kilikuwa na kiza na ubaridi mzuri baada ya jua lile. Bibi alikuwa amekaa kitandani, mdogo sana, ameegemea ukuta, miguu haifiki chini. Felista alimweleza kwa Kichagga kwamba amekuja mwalimu wa zamani. Uso wa bibi ukabadilika. Akaanza kujisogeza ukingoni mwa kitanda, anahangaika na khanga yake, na sikuelewa anachotaka kufanya mpaka Felista alipomshika mabega kumzuia. Alikuwa anataka kushuka apige magoti.

Baba alikuwa haoni vizuri, lakini hilo aliliona. Fimbo ikamdondoka. Akashika ukingo wa kitanda, akashuka goti moja, kisha la pili, sakafuni pale, na akazungumza naye kwa Kichagga. Sitayaandika yote. Alimwambia kwamba siku ile ofisini aliyepaswa kupiga magoti alikuwa yeye, na kwamba mtoto hakusema uongo wala hakumkosea mtu adabu.

Bibi alisikiliza, sikio amemwelekezea Baba. Akauliza, mtoto alisema kweli? Baba akasema ndiyo. Akauliza tena, kama asiyeamini masikio yake, hakuwa nyoka? Baba akasema hakuwa nyoka.

 Bibi akamwita Felista, naye akasogea. Bibi akamshika kifundo cha mkono, akamvuta hadi akakaa naye kitandani.

"Siku ile nilikuchapa," akamwambia. "Tulipofika nyumbani nilikuchapa mpaka baba yako akaninyang'anya fimbo."

Felista akasema ni zamani mno, mama, wala hakumbuki.  Yule mwanamke aliyesimama mbele ya mwalimu wake bila kutetereka aliinamisha kichwa kwenye bega la mama yake, akalia kama mtoto, na bibi akawa anampapasa mgongo kwa mkono wake mwingine, bila haraka.

Baba hakuweza kuinuka mwenyewe. Nilimnyanyua kwa kumshika kwapani, kitu ambacho katika miaka yote ya ukwe wangu sikuwahi kukifanya, na yeye akaniachia uzito wake wote. Nikamwokotea fimbo, tukatoka nje. Mpunga ulikuwa bado umetandazwa, kuku wamejaa juu yake, na upande mmoja ulikuwa umeshageuzwa na mwingine haujaguswa. Ndani hakuna aliyekuwa anakuja. Nikaokota reki. Baba akawafukuza kuku kwa fimbo, akavuka turubai kwa miguu yake iliyochubuka, akapiga magoti tena, na akaanza kuugeuza mpunga kwa viganja. Tuliugeuza mpaka mwisho, mimi na yeye.